Onyo Lilikuwepo. Swali Ni Nani Alilipata

Januari iliyopita siste alinitumia skrinishoti saa saba usiku. Kwake Minnesota ilikuwa saa kumi jioni. Kwenye picha kulikuwa na kisanduku chekundu cha onyo: dhoruba ya theluji kuanzia kesho adhuhuri, usisafiri kama si lazima. Chini ya kisanduku, programu hiyo hiyo ya simu ilikuwa inaonyesha jua na namba 34.

Halafu akaandika: "Hii ni ukweli ama ni ya kutisha watu? Kesho niko na shifti ya saa tisa. Na leo huku watu wanatembea bila koti."

Sasa tuelewane. Mimi ni mtoto wa Umoja. Baridi kali zaidi nimewahi kuona ni ile ya Julai, ya kuvaa sweta mbili na kulalamika mtandaoni. Lakini kwa familia yetu mimi ndio husemwa najua mambo ya historia, na nikiulizwa kitu huwa siwezi kusema sijui. Nikamwambia dada, ngoja nisome. Nilisoma mpaka muadhini akaanza kuadhini. Kile nilipata ndio nataka kuwapatia leo, kwa sababu tangu siku hiyo siwezi kuona onyo la hali ya hewa, hata la mvua ya hapa kwetu, nikalipita tu kama tangazo.

Twende 1888.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Januari. Mahali ni zile mbuga za katikati ya Marekani: Nebraska, Minnesota, Iowa, na Dakota ambayo wakati huo haikuwa hata jimbo bado. Ardhi ni tambarare mpaka macho yachoke, miti ni ya kuhesabu. Watu wengi pale ni wageni, Wajerumani, Wanorwe, Waswidi, waliovutwa na sheria ya 1862 iliyosema ukikaa kwa shamba miaka mitano na ulime, ekari 160 ni zako. Nyumba zingine zimejengwa kwa mabonge ya udongo na nyasi zake, kwa sababu mbao hazipatikani. Jirani yuko mbali. Shule ni chumba kimoja na mwalimu mmoja, na mara nyingi huyo mwalimu ni msichana wa rika letu.

Siku kadhaa kabla ya hapo baridi ilikuwa mbaya, watoto wamefungiwa ndani. Halafu hiyo Alhamisi asubuhi hewa ikalegea. Watu wakasikia joto, wakatoka. Wanaume wakaenda kutafutia mifugo nyasi, wengine wakaelekea mjini. Watoto wakaenda shule na nguo nyepesi, koti la uzito likabaki nyumbani. Si mnajua ile furaha ya jua baada ya wiki ya mawingu? Ndio hiyo.

Dakota dhoruba iliingia kati ya asubuhi na adhuhuri. Nebraska ya mashariki ilifika kama saa tisa, wakati shule zinafunga. Waliopona walisema ilionekana kama ukuta unakuja. Na theluji yenyewe haikuwa ile ya kwenye filamu, inayoshuka polepole mtu akicheka na mdomo wazi. Ilikuwa laini kama unga, inapigwa na upepo mpaka inaingia puani na kwenye macho, na kope zinashikana kwa barafu. Ukinyoosha mkono huoni vidole. Usiku ulipofika, baridi sehemu nyingi ilishuka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, zingine chini ya hapo. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 235 waliokufa, na wengi walikuwa watoto walionaswa njiani kutoka shule. Wamarekani huiita hadi leo dhoruba ya watoto wa shule.

Mwalimu mmoja anaitwa Lois Royce, karibu na mji wa Plainview, Nebraska. Alibaki shuleni na watoto watatu. Kufikia saa tisa kuni zimeisha. Nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa mita kama 75 kutoka shule. Mita 75! Hiyo ni kutoka steji mpaka geti ya ploti. Akawashika watoto wakatoka. Hawakuiona hiyo nyumba. Watoto wote watatu waliganda wakiwa naye usiku huo, na yeye akapona lakini miguu ikakatwa.

Mwingine, Etta Shattuck, alipotea akienda zake na kujichimbia ndani ya rundo la nyasi kavu. Alikaa humo saa 78 kabla ya kupatikana. Alipatikana hai, nchi nzima ikamsoma kwenye magazeti, wakachangisha pesa. Alikufa wiki chache baadaye, baada ya madaktari kumkata miguu.

Na kuna Minnie Freeman, ambaye paa la shule yake lilichukuliwa na upepo, akawaongoza watoto zaidi ya kumi mpaka nyumba ya shamba, wote wakapona. Watu wanasema aliwafunga kwa kamba moja, wengine wanasema kamba ni chumvi ya waandishi. Alitungiwa hadi wimbo. Mimi nasema kamba iwe au isiwe, huyo dada alikuwa na bahati na pia alikuwa na akili, na siwezi kugawanya ni asilimia ngapi kwa ngapi. Kwa sababu Lois Royce naye hakuwa mjinga. Kuni zilikuwa zimeisha. Ungefanya nini?

Hapa ndipo nilidhani stori itaisha hivi: zamani hakukuwa na sayansi, watu wakafa, siku hizi tuna simu, asanteni. Kumbe hapana.

Walikuwa na watabiri. Tangu 1870 kazi ya kupima hali ya hewa Marekani ilikuwa ya jeshi, kikosi cha mawasiliano. Vituo vilitawanywa nchi nzima, kila kituo kinapima joto, upepo na shinikizo la hewa, kinatuma kwa telegrafu. Na mji wa Saint Paul, palepale Minnesota, kulikuwa na ofisi ya utabiri ya eneo hilo, na luteni mmoja anaitwa Thomas Woodruff. Usiku wa kuamkia tarehe 12, baada ya saa sita, Woodruff aliandika utabiri wake. Alisema kutakuwa na theluji na hewa ya joto kidogo kwanza. Alisema theluji itapeperushwa na kurundikana Dakota na Minnesota. Alisema upepo utageuka utoke kaskazini, na baridi itafuata.

Soma tena. Alisema karibu kila kitu.

Lakini soma kama mkulima. Kwanza, lugha ni ya kipole, lugha ya ofisi. Hakuna mahali panasema usimtume mtoto shule. Hata hawakuita ripoti zao utabiri, waliziita dalili. (Hao watu walikuwa waoga wa maneno: kwa miaka mingi watabiri wa serikali walikatazwa kuandika neno tornado wasije wakatisha watu, na katazo hilo lilikaa mpaka 1938.) Pili, onyo linatembea na telegrafu mpaka mji wenye kituo cha reli, linachapishwa kwenye gazeti la asubuhi, na linapandishwa kama bendera: bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati ndiyo ilimaanisha baridi kali inakuja. Vizuri sana. Sasa wewe shamba lako liko kilomita ishirini kutoka hiyo bendera. Gazeti linakufikia Jumamosi. Na pengine Kiingereza hujui, unasoma Kinorwe.

Kwa hivyo mtu wa Nebraska hiyo asubuhi alikuwa na kipimo kimoja tu, ngozi yake. Na ngozi ilimwambia kuna joto.

Hii sehemu ndiyo ilinifanya nimpigie siste simu badala ya kumwandikia. Hilo joto halikuwa kinyume cha dhoruba, lilikuwa sehemu yake. Mfumo mkubwa wa dhoruba ukija, mbele yake huvuta hewa ya joto kutoka kusini, na nyuma yake kunakuja hewa ya barafu kutoka Kanada. Kadiri tofauti ya hizo hewa mbili inavyokuwa kubwa, ndivyo upepo unavyopata nguvu. Ile asubuhi nzuri ni dhoruba imeshaanza, ni vile bado haijageuka.

Na si ati ilifanyika mara moja watu wakajifunza. Tarehe 11 Novemba 1940, Minnesota hiyo hiyo. Siku ya mapumziko, ya kukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Asubuhi ina joto lisilo la Novemba, na bata mwitu wamejaa angani. Wawindaji wakaingia Mto Mississippi na mashati tu, wakashangilia hiyo siku. Bata walikuwa wanakimbia. Upepo ukageuka, mawimbi yakafunga njia ya kurudi, watu wakabaki kwenye visiwa vidogo na nguo zilizolowa mpaka zikaganda mwilini. Walikufa watu karibu 150 katika majimbo kadhaa, Minnesota pekee 49. Rubani mmoja, Max Conrad, aliruka na ndege ndogo juu ya mto kwenye huo upepo, akirushia waliobaki mikebe yenye chakula, sigara na viberiti, na kuwaonyesha waokoaji walipo. Utabiri wa eneo hilo ulikuwa unatoka Chicago, mbali kule. Baada ya mazishi ndipo iliamuliwa ofisi za utabiri ziwe na watu saa 24, na Minnesota wapewe nguvu za kujitabiria wenyewe.

Miaka 52 katikati. Hewa haikuwa imebadilisha mchezo hata kidogo.

Basi nikamwambia siste tusome hiyo skrinishoti pamoja, neno kwa neno.

Namba 34 kwanza. Amekulia na selsiasi, kwa hivyo kichwa chake kikiona 34 kinafikiria Mombasa. Hiyo ni farenhaiti, ni nyuzi moja tu juu ya sifuri. Halafu chini yake kulikuwa na namba ingine ya kesho usiku, ile ya baridi mwili unavyoisikia upepo ukiongezwa. Hiyo ndiyo ya kuangalia. Ikifika kama nyuzi 28 za selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Masikio, pua, vidole. Alikuwa anapanga kusimama kwa kituo cha basi.

Pili, jina la onyo. Wana ngazi tatu, na majina yake yamechanganya hata wenyeji. Mimi nilimwelezea na nguo za mama. Kuna kaa chonjo: umeanika nguo, unaona wingu jeusi, inaweza kunyesha au isinyeshe, lakini usiende mbali na kamba. Hiyo hutoka siku moja au mbili kabla, na ndiyo siku ya kwenda dukani na kujaza mafuta kwa gari. Kuna onyo lenyewe: mama ameshaita "anueni nguo!" Hapo mjadala umeisha, inakuja au imefika. Halafu kuna ushauri, ambao watu hudhani ni hatua ya kwanza ya kupanda ngazi. Hapana. Ushauri unasema kitu kinakuja kweli, ila ni cha kusumbua zaidi ya kuua, ukiwa makini utapita. Yeye alikuwa amepata onyo.

Tatu, neno blizadi. Siste alidhani ni theluji nyingi. Kwa kipimo chao theluji inaweza hata kuwa kidogo. Wanaangalia upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji hewani mpaka huoni mita 400 mbele, kwa saa tatu au zaidi. Kwa maneno mengine hutaona barabara. Mambo ya Lois Royce na zile mita 75.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho mimi sikuwa nimefikiria: "Sawa, nimeelewa. Lakini nikikosa kazi?"

Enyewe hapo ndipo historia yangu ilikwama. Siste anachunga wazee kwenye nyumba ya kutunza wazee, kama Wakenya wengi huko. Alikuwa na miezi mitano nchini. Alimpigia bosi, akaambiwa shifti iko vilevile na asiyekuja awe na sababu. Sasa onyo la serikali linasema usitoke na onyo la bosi linasema usikose. Utatii gani, na ni gani inalipa kodi ya nyumba?

Hili si jambo la siste peke yake. Angalia Buffalo, jimbo la New York, Krismasi ya 2022. Watabiri hapo walifanya kazi safi kuliko ya Woodruff. Siku kadhaa kabla walisema kunakuja kitu ambacho mtu huona mara moja kwa kizazi. Lugha kali, ramani, simu za watu zinalia. Ijumaa tarehe 23 Desemba asubuhi watu wengi wakaenda kazini, kwa sababu amri ya kaunti ya kukataza magari barabarani ilikuwa haijatoka. Ilianza saa tatu na nusu asubuhi, watu tayari wako kazini au njiani, upepo tayari umeanza. Blizadi ikakaa zaidi ya saa 30. Uwanja wa ndege ulipima theluji karibu mita 1.3. Watu zaidi ya 40 walikufa: wengine ndani ya magari yao, wengine wakitembea, wengine nyumbani kwao wakingoja ambulensi ambayo haingeweza kufika. Magari ya zimamoto yenyewe yalikwama.

Kwa hivyo 1888 onyo halikufika shambani. 2022 lilifika mpaka mfukoni, na bado likakuta mtu ambaye hawezi kukaa nyumbani. Mimi hapo naona kosa moja, limehama tu mahali. Mtu akiniambia waliokufa Buffalo walipuuza, namuuliza walikuwa wanaenda wapi.

Na kabla tucheke Wamarekani, sisi wenyewe tulikuwa wapi 2023? Watu wa utabiri wa hali ya hewa walisema El Niño inakuja. Mtaani kila mtu alikuwa na jibu: hata 2015 walisema, na hatukuona ile mafuriko tulitishwa nayo. Nilikuwa mmoja wa hao, nilipost hadi mzaha. Mwisho wa mwaka watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini. Huo mzaha niliufuta, lakini naukumbuka.

Turudi kwa siste. Hakuacha kazi, nami sikumwambia aache, kwa sababu silipi kodi yake. Alichofanya ni hiki. Alimwomba bosi aingie asubuhi badala ya saa tisa, kabla ya hewa kugeuka, na bosi akakubali. Usiku huo alipaki begi: nguo za siku mbili, dawa zake, chaja, unga wa uji (huyo ni mtu wa uji, mwacheni). Mkenya mwenzake mwenye gari alimchukua. Kwa buti la gari kulikuwa na blanketi, koleo, tochi, maji, biskuti, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi likiteleza. Tangi limejaa. Nilimsomea maagizo ya kukwama mpaka akachoka na mimi: mkikwama msitoke kwa gari kutafuta msaada, gari linaonekana kuliko mtu. Washeni injini kama dakika kumi kila saa, na kabla ya kuwasha mtoe theluji kwa ekzosi, la sivyo ule moshi utawarudia ndani.

Hiyo ya moshi hakuhitaji kuelezwa. Mtu yeyote aliyekulia ploti ya Nairobi anajua mtu aliyelala na jiko la makaa. Texas Februari 2021, wakati baridi iliangusha umeme na jimbo likahesabu vifo 246, baadhi ya waliokufa waliuawa na hiyo hewa ya sumu. Walikuwa wamewasha magari gereji na majiko ndani ya nyumba kutafuta joto.

Walifika kazini saa mbili na nusu asubuhi. Siste anasema jua lilikuwa linawaka, na kwenye maegesho kuna jamaa alikuwa na kaptula. Kufikia saa saba mchana hakuona tena hayo maegesho kutoka dirishani. Wale wa shifti ya jioni, wawili hawakuweza kufika. Alilala hapo usiku mbili, kwenye kiti cha kulaza mgongo karibu na chumba cha ajuza mmoja wa miaka 90 na kitu.

Usiku wa kwanza huyo ajuza alimuuliza anatoka wapi, siste akasema Kenya. Akamuuliza kama kwao kuna theluji. Siste akasema iko, lakini juu ya mlima tu. Ajuza akacheka, akamwambia babake alikuwa kwenye ile ya 1940, alikwama mtoni na alirudi bila vidole viwili vya mguu, na maisha yake yote, hewa ikiwa nzuri Novemba, alikuwa anakataa kutoka nyumbani.

Siste alinitumia hiyo kwa sauti, saa tisa usiku, upepo unasikika nyuma kama lori. Halafu akaongeza: "Na uji umeisha, nimegawia wengine."